Vidonge vya kukesha viuzwe bila cheti cha daktari? Madereva na walinzi wa usiku, semeni

Dereva wa trela (mwanzisha mada)
Jamani, mimi niko Naluwerere, pale Bugiri. Nimepaki tangu saa nane usiku nikitokea Malaba. Kabla ya kufika hapa kichwa kiliniangukia kwenye usukani mara mbili. Tanboi wangu akatoa karatasi ya vidonge vyeupe, imeandikwa modafinil. "Bosi, hii haichafui meno kama mairungi." Nikakishika, nikakirudisha. Asubuhi nikauliza famasi mbili. Ya kwanza walitaka cheti. Ya pili muuzaji akaniuliza nataka viwili au kumi!

Sasa kwa nini tudanganyane? Viuzwe wazi kama Panadol, na maelezo ya Kiswahili ndani ya boksi. Kukesha tunakesha hata hivyo. Afadhali kitu kinachojulikana kipimo chake kuliko mairungi ya Butambala na chupa tatu za soda ya nguvu.

Askari wa geti, Ntinda
Naunga mkono mia kwa mia. Zamu yangu ni saa kumi na mbili mpaka kumi na mbili, wiki nzima. Ukikutwa umesinzia, mshahara unakatwa.

Mfamasia, Jinja
Ssebo, napinga, na si kwa sababu ya sheria peke yake. Dawa hii ilizaliwa Ufaransa. Marekani waliikubali 1998 kwa wagonjwa wa narkolepsia, yaani mtu anayebebwa na usingizi ghafla katikati ya mazungumzo, halafu wakaongeza watu wa zamu. Ulaya wakarudi nyuma: 2010 wasimamizi wao wa dawa walipendekeza ibaki kwa narkolepsia tu.

Mwaka 2005 ulitoka utafiti wa wafanyakazi wa usiku 209. Ukiwalaza kitandani katikati ya zamu, wasinzie wakitaka, walikuwa wanapitiwa ndani ya dakika mbili hivi. Waliomeza modafinil wakafika dakika karibu nne. Dakika nne! Huyo bado ni mtu wa kulala, siyo wa kuendesha tani thelathini kupita msitu wa Mabira. Ni kweli walipata ajali au kuponea chupuchupu wakirudi nyumbani mara chache zaidi: asilimia 29, na waliopewa kidonge cha bandia asilimia 54. Lakini hiyo 29 ni watu waliokuwa wameshameza dawa.

Halafu haitoki mwilini upesi. Ukimeza saa sita usiku, saa sita mchana zaidi ya nusu bado imo, na huo ndio muda wako wa kulala. Dada zangu nao wajue kwamba inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, hata mwezi mzima baada ya kuiacha. Mtu akitokwa na vipele aache mara moja aende hospitali, maana kuna upele wake unaobabua ngozi.

Nesi wa zamu
Hilo la uzazi wa mpango ndiyo nalisikia leo. Wodini kwetu kuna wanaopeana hizo kama peremende.

Mwalimu, Tororo
Mume wangu pia ni dereva. Anakoroma mpaka watoto wamehamia sebuleni, kisha ghafla kimya, hapumui, halafu anashtuka kama aliyeibuka kutoka majini. Mchana anasinzia akiwa na kijiko mkononi. Naye anunue?

Mfamasia, Jinja
Hapana, nyabo. Huyo koo linamziba usiku, hajalala hata kama alikuwa kitandani kwa muda wa saa tisa. Kidonge kitamfumbua macho na koo litaendelea kuziba. Apimwe.

Mzee wa Busoga
Kusinzia mchana kwetu kulikuwa na jina: malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita yalimaliza zaidi ya watu laki mbili kando ya ziwa. Mtu ana homa, aliumwa na mbung'o, anasinzia, anakimbilia dukani kununua cha kumkesha? Aa!

Dereva wa trela
Sawa, nimewasikia wataalamu. Lakini mwenye mzigo anapiga simu kila saa: uko wapi, uko wapi. Nimjibu nini?

Karani wa mizigo, Kampala
Mimi ni mmoja wa wanaopiga hizo simu. Kontena likichelewa kurudishwa tunatozwa kwa siku, kwa hiyo bosi ananibana, nami nakubana. Na ndiyo maana napinga. Leo ukisema "nimechoka, nalala Naluwerere", nina la kumwambia bosi. Kidonge kikiwa halali, kitaingia kwenye posho ya safari pamoja na hela ya chakula, na hutasikilizwa tena. Nawajua mabosi hawa.

Askari wa geti, Ntinda
Hapo umenigusa. Wangu angevigawa na sare.

Dereva wa trela
Haya, cheti kibaki. Lakini yule wa famasi ya pili naye aulizwe.

Tanboi
Bosi, kile ulichokataa jana nilimeza mimi. Sasa ni saa tisa mchana, wewe unakoroma kebini, mimi sijapata hata lepe.