Mpwa kapunguziwa ufadhili wa riadha, DSO anataka I-20 mpya

MJOMBA, DALLAS
Ndugu zangu, hamjambo. Mpwa wangu anakimbia mbio za nyika kwenye chuo cha Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo Marekani, yuko mwaka wa tatu. Alikuja na ufadhili kamili. Juzi kocha kamwita, kamwambia kuanzia Agosti atabaki na nusu. Leo DSO, afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni, naye kaandika: bila uthibitisho wa fedha za kuziba hilo pengo, hakuna I-20 mpya, ile fomu ya chuo inayobeba viza yake. Dada yangu ni mwalimu Kericho, akiba yake yote iko SACCO, benki hana kitu. Je, kuna mtu ambaye DSO wake alikubali taarifa ya SACCO? Mwisho ni Ijumaa.

MAMA WA WATATU, MINNEAPOLIS
Pole sana, mjomba. Binti yangu alikimbia mita 800 miaka minne, na huo ufadhili "kamili" haukuwa kamili hata siku moja. Walimkata kodi 14%, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumwokoa. Kila 1042-S, ile fomu ya kodi iliyokatwa, ikija ananipigia simu analia. Mwambie mpwa aingie portal ya uhamisho wa wanamichezo mapema, ahame chuo.

FUNDI WA KODI, HOUSTON
Mama, tusiwatishe watu. Kinachokatwa 14% ni sehemu ya chumba na chakula. Karo na vitabu vya lazima havikatwi. Na ngazi ya kwanza ya kodi ni 10%, kwa hiyo wengi wana haki ya kurudishiwa kitu wakijaza 1040-NR, ile fomu ya mwaka ya kodi kwa wageni. Asiyejaza anaiachia serikali hela yake. Halafu portal ni ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, inamruhusu kuongea na makocha wengine, basi. Kuhama kwa SEVIS, mfumo wa serikali wa wanafunzi wa kigeni, ni jambo jingine, na chuo kipya nacho kitadai uthibitisho wa fedha uleule.

MWALIMU, SEATTLE
Haya yote ni matunda ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA. Jaji Wilken alipitisha makubaliano Juni 2025, na tangu hapo chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo 2025–26. Zinakwenda kwa nani? Mpira wa Kimarekani, halafu kikapu. Watoto wetu wa F-1, viza ya mwanafunzi, vyuo vinaogopa hata kuwagusa kwa malipo hayo, kwa sababu ya viza. Na kwa makubaliano hayo timu ya nyika sasa mwisho ni watu 17. Inaniuma. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Jina la chuo kile lilifika Nandi kwa miguu yake, si kwa mpira.

KAKA WA MUSOMA, EL PASO
Mwalimu, kila siku Rono. Suleiman Nyambui wetu wa Tanzania alikuwa hapa chuo cha UTEP, bingwa wa nyika wa NCAA 1980, mwaka uleule akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow. Mtajeni na yeye.

MHASIBU, COLUMBUS
Hapo kwenye mpira naomba nipinge. Bila ule mpira riadha ingeshafungwa zamani, maana yenyewe haiingizi kitu.

MAMA WA WATATU, MINNEAPOLIS
Kwa vyuo vikubwa vichache, sawa. Kwingine pengo linazibwa na wanafunzi. Mwanangu wa pili anasomea uuguzi chuo kidogo. Nilifungua bili yake, chini ya ada ya maabara kuna mstari wa ada ya michezo, kila muhula. Hajawahi kukanyaga uwanja ule, yuko zamu hospitali. Na Texas A&M walipomfukuza kocha wao wa mpira wa Kimarekani, Jimbo Fisher, mwaka 2023 walikuwa wanadaiwa zaidi ya dola milioni 75 za mkataba wake. Hizo zingekimbiza watoto wangapi wa nyika?

MWALIMU, SEATTLE
Hata hivyo, mama, nyumbani kijana wa mbio anasubiri polisi, jeshi au magereza wamwajiri ndipo apate kocha na mshahara. Shahada hakuna. Uwanja wa Kipchoge Keino pale Eldoret umekarabatiwa miaka nenda rudi, na kila uchaguzi tunaahidiwa upya. Huku, hata akiumia goti, ametoka na digrii. Binti yako leo ni nani?

MAMA WA WATATU, MINNEAPOLIS
Mhandisi wa maji. Hilo silikatai hata kidogo, na ndiyo maana nalia na hizi nafasi zinazopungua.

MJOMBA, DALLAS
Nashukuru wote. Hiyo SACCO jamani?

FUNDI WA KODI, HOUSTON
Mjomba, kwanza uliza kama chuo chake kilijiunga na makubaliano ya House. Si vyote vilijiunga, na Mwalimu, hiyo 20.5 ni kikomo, si lazima. Kama hakikujiunga, kocha aeleze vizuri kwa nini amekata. Mpwa adai barua rasmi ya ofisi ya ufadhili, maana mara nyingi huwa na haki ya kukata rufaa pale ufadhili unapopunguzwa.