Wakuu naombeni ushauri: Linux gani nyepesi kwa kompyuta za zamani za steshenari?

Kijana wa Zakhem
Habari za usiku wakuu. Nasimamia steshenari ndogo hapa Mbagala. Kuna kompyuta mbili: laptopu ndogo ya prosesa ya Atom N270 yenye RAM GB 1, na ya mezani, Core 2 Duo, RAM GB 2, diski GB 160. Zote zilikuwa na Windows 7. Mteja akija kuangalia matokeo au kujaza fomu ya chuo, ukurasa mmoja unazunguka mpaka anahamia duka la jirani. Nasikia Linux nyepesi, ule mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows, inafufua mashine za hivi. Niweke ipi? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi. Naomba msinicheke, nina mawazo sana.

Kobe wa Tandika
Mkuu, panda gari nenda Kariakoo, kuna za mtumba nzuri tu. Hizo zako wape watoto wachezee.

Mwalimu Mstaafu
Msimvunje moyo kijana. Shuleni kwetu tulipewa kompyuta za msaada, nusu yake diski zimekufa. Tukaziwasha kwa CD ya Puppy, Linux ndogo iliyoanzishwa 2003 na Barry Kauler wa Australia. Ilikuwa inajipakia yote kwenye RAM, diski haina hata kazi. Watoto wakajifunza kuchapa barua. Mmoja wao leo ni mhasibu, na kila Idi lazima anipigie simu. Mashine kuukuu haitupwi.

Kobe wa Tandika
Shikamoo mwalimu. Ila RAM GB 1 na kurasa za siku hizi, hapana.

Fundi Bila Duka
Marahaba za mwalimu mtazipokea wenyewe, mimi nijibu swali.

Atom N270 ni ya biti 32, prosesa za kizamani, na hapo ndipo uchaguzi unapobana. Linux kama Ubuntu na Mint ya kawaida ziliacha biti 32 zamani. Hata Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Hiyo ndogo iwekee antiX 23 ya biti 32. Core 2 Duo ni biti 64, hiyo ina nafasi: MX yenye mwonekano mwepesi wa Xfce, au Lubuntu.

Lakini mzigo mkubwa ni brauza, mfumo wenyewe ni mdogo. Unaweza kuwasha antiX ikakaa kwenye MB 200 hivi, halafu ukafungua kurasa tano na ukarudi palepale. Washa zram, inabana vitu ndani ya RAM kabla havijamwagwa kwenye diski. Ukipata hela, ya mezani inunulie SSD kwanza, ile diski ya kasi, hata ndogo. Na badilisha betri ya saa, ile ya duara CR2032. Ikiisha, kompyuta inarudi miaka ya nyuma, tovuti zinagoma kwa sababu ya tarehe, nawe unailaumu Linux bure.

Sasa swali. Umeandika "zilikuwa" na Windows 7. Sasa hivi zina nini?

Kijana wa Zakhem
Ahsante sana fundi. Moja nimeshaanza kuijaribu. Printa zetu za HP zitakubali?

Fundi Bila Duka
HP nyingi zinakubali kwa HPLIP, programu ya printa za HP kwenye Linux. Hujajibu.

Binti Kigogo
Na Jumamosi kuna nini? Mtu hafi kwa kukosa Linux mpaka Jumamosi.

Kijana wa Zakhem
Sawa. Steshenari ni ya dada yangu. Alikwenda Tanga kujifungua, anarudi Jumamosi. Yeye ndiye mweka hazina wa kikoba, wanachama 22, na hesabu zote za hisa na mikopo alikuwa anaziweka kwenye Excel, humohumo kwenye kompyuta ya steshenari. Jana usiku nimeweka Mint 22. Ilipouliza nikachagua kufuta diski nzima.

Sikukurupuka. Nilitazama video tatu. Mafaili yake yalikuwa D, nikajua diski inayofutwa ni C. Na Windows 7 Microsoft waliiacha tangu Januari 2020, ningeiachaje mashine ya biashara hivyo? Wateja walikuwa wanakimbia, mimi ndiye nalipa kodi ya fremu mwezi huu. Nimepanga akute mashine inakimbia kwanza, afurahi, hayo mengine nimweleze taratibu. Usiku huu nataka kushusha programu za kurudisha mafaili niziweke humo.

Mama Vitabu Viwili
Taratibu ipi mwanangu? Mimi ni mweka hazina mwaka wa sita. Mwenzio ametoka uzazini, na kikao kijacho wanawake 22 wanamwuliza hela zao, yeye atajibu nini? Mpigie leo. Mtu anaposhika hela za watu, hata ikipotea karatasi moja, yeye ndiye mwizi kwanza, maelezo baadaye. Nimeyaona kwa jirani yangu, aliuza cherehani kulipa hela ambayo hakuila.

Mpima Chai
Ngojeni kwanza. Mleta mada ana Atom N270, RAM GB 1. Fundi kasema Mint ya kawaida haina biti 32. Halafu kijana kaweka Mint 22! Kwa kipi? Hii chai, stori ya kutunga, tena chai ya tangawizi. Dada kajifungua, kikoba, wanachama 22, Mint 22. Kesho ataweka namba ya kuchangia.

Kobe wa Tandika
Nilinusa mapema. Weka picha.

Binti Kigogo
Kompyuta ziko mbili jamani. Soma juu.

Mpima Chai
Mbona hakusema ni ipi?

Mwalimu Mstaafu
Mtu mwenye hofu hasimulii kwa mpangilio. Nimesahihisha barua za wanafunzi miaka thelathini, nawajua.

Kijana wa Zakhem
Ni ya mezani. Atom sijaigusa, ndiyo hii naandikia na imeganda mara mbili. Sijaomba hela ya mtu hapa wala sitaomba. Kama mnaona chai, basi mods waufunge uzi, ila fundi naomba unijibu inbox.

Fundi Bila Duka
Nakujibu hapahapa. Ya mezani ni biti 64, Mint 22 inaingia na GB 2 zake, hakuna la ajabu.

Hiyo programu usiishushe kwenye mashine hiyo. Izime sasa, chomoa waya. C na D ni vyumba viwili vya diski moja, umefuta vyote. Ila "kufuta" huku kumeandika orodha mpya na mafaili ya Mint, GB kadhaa katika 160. Sehemu kubwa ya diski bado ina vitu vya zamani mpaka kitu kingine kikae juu yake. Kila dakika Mint ikiwa imewaka, inaandika.

Tafuta kompyuta nyingine na diski ya nje. Chomoa diski ya mezani, iunganishe kwa adapta ya USB, fanya kwanza nakala nzima kwa ddrescue, kisha tumia PhotoRec kwenye nakala. PhotoRec inatafuta alama ya mwanzo wa kila aina ya faili, kwa hiyo majina yatapotea: utapata mafaili mengi ya Excel yenye namba tu, ufungue moja moja kwa LibreOffice. Siahidi kwamba la kikoba limo.

Mama Vitabu Viwili
Na wakati fundi anahangaika, kila mwanachama ana kitabu chake cha hisa nyumbani. Vikusanywe vyote 22, hesabu iandikwe upya kwenye daftari. Siku mbili mtakuwa mmemaliza. Ila anayeweza kuviita ni dada yako, wewe hawakupi.

Mpima Chai
Mkuu, samahani. Nipo Mtoni kwa Aziz Ali, adapta ya USB ninayo na diski ya nje ya GB 500. Njoo kesho asubuhi na diski yako.

Kijana wa Zakhem
Nimeshazima, waya nimechomoa. Saa mbili nitakuwa hapo.

Mama Vitabu Viwili
Dada umempigia?

Kijana wa Zakhem
Simu inaita, mama.