Tunataka kuishtaki kampuni ya mafuta kwa mafuriko. Tuanzie wapi?

Jirani wa Bondeni
Habari za wakati huu wanajukwaa. Mtaa wetu umekumbwa na mafuriko, kaya nyingi zimepoteza mali na kuta nyingine zimepasuka. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya waathirika. Tumekubaliana kuishtaki kampuni moja ya mafuta kwa mchango wake katika mabadiliko ya tabianchi. Wakili tumeshampata na michango imeanza kuingia. Naomba kujua mahakama inataka vielelezo gani, na kama kuna kesi ya namna hii iliyofika mbali. Nawasilisha.

Kijiti
Shtakini mawingu, ndiyo yaliyomwaga. Nakaa siti ya mbele.

Binti Tufani
Mpuuze huyo. Saúl Luciano Lliuya, mkulima wa Huaraz nchini Peru, aliishtaki RWE, kampuni ya kuzalisha umeme ya Ujerumani, mwaka 2015. Hoja yake ilikuwa kwamba RWE imetoa asilimia 0.47 ya gesijoto zote za viwandani, basi ilipe asilimia 0.47 ya gharama za kuukinga mji dhidi ya ziwa linalojazwa na barafu ya milimani, yaani karibu euro 17,000. Tarehe 28 Mei 2025 mahakama ya rufani ya Hamm ilisema mtoaji mkubwa wa gesijoto anaweza kuwajibishwa hata kama aliyedhurika yuko bara jingine. Hapo ndipo pa kushikilia.

Wakili Kimya
Dada, hiyo ni nusu ya hukumu. Nusu ya pili ni kwamba madai yalitupwa. Wataalamu walikadiria uwezekano wa maji kuifikia nyumba yake ndani ya miaka 30 ni kama asilimia 1, na majaji wakasema hautoshi. Msingi wa sheria ulikubalika, nyumba yenyewe ikakosa ushahidi. Na alikuwa na shirika la mazingira la Germanwatch nyuma yake kwa miaka yote hiyo.

Mleta mada, kesi ya aina hii ina viungo vitatu. Kwanza tukio: je, joto la dunia liliifanya mvua ile iwe kubwa zaidi au ya mara kwa mara zaidi? Kazi hiyo hufanywa na wanasayansi kama wa World Weather Attribution, lakini wao hupima mvua ya ukanda mzima kwa siku kadhaa, hawapimi sebule yako. Pili mtoaji: sehemu yake katika gesijoto za dunia ni kiasi gani? Utafiti wa Richard Heede wa mwaka 2014 ulizipata taasisi 90 nyuma ya asilimia 63 ya hewa ukaa na methani ya viwandani kati ya 1751 na 2010, na zote ni wachimbaji wa makaa, mafuta na gesi au watengenezaji wa saruji. Tatu hasara yako, kitu kwa kitu. Kiungo kimoja kikikatika, kesi imekwisha.

Sasa jibu: hiyo kampuni yenu inachimba, inasafisha, au inauza tu?

Jirani wa Bondeni
Inauza. Ina bohari. Lakini mafuta ni yaleyale mkuu, yakichomwa moshi ni uleule.

Msoma Ramani
Wauzaji wa mafuta wako wengi. Kwa nini huyo? Bohari iko umbali gani kutoka kwenye nyumba zilizofurika?

Jirani wa Bondeni
Si mbali. Ila sijaja hapa kuzungumzia uzio.

Mzee Kipimo
Nani ametaja uzio?

Jirani wa Bondeni
Haya. Ukuta wa bohari uko upande wa chini wa kaya zetu. Walipopanua eneo walimwaga kifusi, wakainua uwanja, na mfereji uliokuwa wazi wakaupitisha ndani ya kalavati chini ya ukuta. Mafundi wao walisema bomba ni la milimita 600. Kalavati la barabarani, juu yake, ni la 900. Lakini mvua ilikuwa kubwa kuliko kawaida, hilo halina ubishi. Karatasi ya kituo cha hali ya hewa ninayo: Jumanne milimita 118, Jumatano sifuri. Mimi nataka kesi ya tabianchi, na kamati imeshapiga kura.

Mzee Kipimo
Ndugu mwenyekiti, umeficha kesi nzima. Bomba la 600 halibebi theluthi mbili ya maji ya bomba la 900. Kwa mteremko uleule linabeba kama theluthi moja tu, kwa sababu kipenyo kikipungua, eneo la ndani hupungua kwa kasi zaidi na msuguano wa kuta unaongezeka. Maji mengine yote yanarudi nyuma ya ukuta, na nyuma ya ukuta ni ninyi.

Fanya hivi kabla hawajaligusa. Tafuta mstari wa tope ndani ya nyumba, si ukuta wa nje, maana nje kuna mawimbi na michirizi inayodanganya. Weka alama ya kalamu kwenye nyumba tatu au nne za juu ya ukuta wa bohari na nyingine upande wa chini yake. Chukua ule mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyo ndani, ambao mafundi hupimia levo, ujaze maji, hakikisha hakuna kiputo hata kimoja (kiputo kidogo kinapotosha kipimo kwa sentimita kadhaa), kisha hamisha levo kutoka alama hadi alama. Mstari wa juu ukiwa sawa na wa chini, ukuta hauna kosa, mfereji wenyewe ulifurika. Mstari wa juu ukizidi kwa nusu mita, ukuta ulizuia maji. Kipimo hicho kimoja kinazidi kurasa mia za maelezo.

Binti Tufani
Sawa, lakini tusiache wakubwa wapone kirahisi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023 ulionyesha kwamba wanasayansi wa Exxon walikuwa wakikadiria ongezeko la joto kwa usahihi tangu miaka ya 1970 huku hadharani kampuni ikipanda shaka. Kaunti ya Multnomah, Marekani, imezishtaki kampuni za mafuta kwa wimbi la joto la mwaka 2021. Mambo yanasogea.

Wakili Kimya
Yanasogea dhidi ya wachimbaji. Muuzaji wa bohari atasimama na kusema neno moja, "kalavati", na kesi yenu ya tabianchi itakufa kwa ushahidi wenu wenyewe.

Igeuzeni. Mkishtaki kwa kalavati, utetezi wao wa kwanza utakuwa kwamba mvua ilikuwa kudra ya Mungu, haikutarajiwa. Hapo ndipo sayansi ya tabianchi inawafaa. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na wahandisi wanalijua hilo. Hata mvua inayoitwa ya mara moja katika miaka 50 ina nafasi ya asilimia 2 kila mwaka, na kwa bohari itakayodumu miaka 30 nafasi inafika kama asilimia 45. Aliyepunguza bomba katika hali hiyo hawezi kusema hakutarajia.

Kwa nini unaikwepa njia hii?

Jirani wa Bondeni
Siikwepi. Ni kwamba baada ya mafuriko walileta msaada na tukasaini karatasi. Nilisaini kwa niaba ya kaya zote. Watu walikuwa wanalala nje, mlitaka nifanye nini? Wakili wetu anasema karatasi inahusu mambo ya bohari, tabianchi haimo, kwa hiyo tunapita huko.

Kijiti
Hii ni chai, tena ya maziwa. Kwanza tabianchi, kisha uzio, sasa karatasi. Halafu hamjaona? Huyu yuko kwenye uzi mwingine wa mafuriko, aliandika maji yaliingia alfajiri ya Jumatano. Rekodi yake hapa inasema Jumatano sifuri. Mafuriko bila mvua! Ni mwanafunzi wa sheria anafanyiwa kazi ya darasani. Mods fungeni.

Dereva Mstaafu
Hata mimi nilihisi. Mtu mwenye shida haandiki "nawasilisha".

Msoma Ramani
Tulieni. Kipimo cha mvua husomwa saa 3 asubuhi, na maji yanayokutwa ni ya saa 24 zilizopita. Vituo vingi huyaandika kwenye tarehe ya jana yake. Mvua ya alfajiri ya Jumatano inaingia Jumanne. Mtunga hadithi angeweka milimita 118 Jumatano. Mleta mada, omba nakala yenye muhuri, jina la kituo na maelezo ya saa ya kusoma, maana hakimu naye atauliza kama Kijiti.

Kifusi nacho kinathibitika. Picha za bure za setilaiti ya Sentinel-2 zinapatikana kila baada ya siku chache. Kila nukta ni mita 10, hivyo bomba hutaliona, ila uwanja uliojazwa kifusi utauona na mwezi ulioanza. Na picha zenu za simu tumeni kama faili, kwa sababu zikitumwa WhatsApp kama picha za kawaida zinabanwa na kupoteza tarehe.

Wakili Kimya
Karatasi. Andika kifungu chenyewe, neno kwa neno. Futa majina.

Jirani wa Bondeni
"Kwa kupokea msaada huu, wapokeaji hawatadai tena chochote kuhusu vyombo na samani za ndani zilizoharibiwa na maji katika tarehe tajwa. Kampuni haikiri kosa lolote." Mwisho.

Wakili Kimya
Kuta ziko wapi hapo? Misingi? Kodi ya wapangaji waliohama? Amri ya kupanua kalavati kabla ya masika mengine? Havimo. Na kaya zilizokupa idhini kwa maandishi ni ngapi? Asiyekupa idhini ana hoja ya kusema saini yako haimfungi. Mpe wakili wenu karatasi yenyewe, asisimuliwe.

Angalieni na muda. Kesi ya EACOP, bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda hadi Tanga, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Novemba 2020 na kutupwa Novemba 2023 kwa kuchelewa, kwa kuwa mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi miwili tu. Kwenu muda ni mwingine, na kwa kawaida barua ya madai haiusimamishi. Msisaini kitu kingine cha bohari, hata fomu ya mahudhurio.

Jirani wa Bondeni
Kamati itasema nimewageuka. Nitawaitisha. Mzee Kipimo, kalavati tunapima kipenyo cha ndani au cha nje?

Mzee Kipimo
Cha ndani, midomo yote miwili, na kina cha tope lililolala chini yake. Piga picha rula ikiwa imo.