MREJESHO: Mama aliyelegea mkono baada ya kuzibwa uvimbe wa mshipa wa ubongo

Wakuu, niliuliza kuhusu mama: alipitishiwa mrija kwenye mshipa wa paja, uvimbe wa mshipa wa ubongo ukazibwa kwa koili (vijiwaya laini vya kuujaza) na stenti (kijibomba cha wavu kinachokaa ndani ya mshipa), halafu akiwa nyumbani mkono wa kulia ukalegea na maneno yakamkwama. Asanteni sana mliosema arudishwe hospitali saa ileile. Picha ya ubongo ya MRI ilionyesha bonge dogo la damu limeziba mshipa. Na mliosisitiza asikatishe aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, bila daktari, Mungu awabariki, daktari naye alisema hivyohivyo.

Mkono umerudi, jana kafunga vifungo vya blauzi mwenyewe. Kuongea bado: akitaka kijiko anasema "kile, kile". Mazoezi ya kuongea yanaendelea. Kipimo cha kuangalia kama damu imeingia tena kwenye uvimbe bado tunakisubiri.