Naomba ushauri: nataka kusomea ukuaji wa kiinitete, maabara yetu ni duni. Nianze na mnyama gani?

BintiUnguja
Habari za humu wakuu. Niko mwaka wa kwanza wa uzamili hapa Dar, kwetu Unguja. Tangu kidato cha tano swali linalonikosesha usingizi ni hili: seli moja inajigawa, kisha hizi zinajuaje kuwa moyo na zile kuwa jicho? Msimamizi kanikubalia, ila makala zote ninazosoma ni za panya na samaki-pundamilia, na siku hizi viinitete vya kuigiza vinavyoundwa kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Timu ya Jacob Hanna kule Israel ilitoa 2023 kimoja kinachofanana na kiinitete cha binadamu cha siku 14, bila yai wala mbegu ya kiume. Sisi tuna hadubini mbili na friji. Mwezi uliopita nilijaribu mayai ya kuku, umeme ukakatika usiku, asubuhi yote 18 ya baridi. Nikayatupa, nikalia. Nibadili fani?

MfugajiKibaha
Pole sana dada. Usibadili. Mayai uliyatoa wapi? Ya dukani ni ya kuku wa kisasa wasiokaa na jogoo, hata ukiyalalia mwenyewe hayatoi kitu. Chukua ya kienyeji, joto nyuzi 38. Na yakipoa saa chache usikimbilie kutupa: kiinitete hupunguza mwendo tu. Yarudishie joto, kesho yamulike kwa tochi ya simu gizani. Ukiona mishipa kama mizizi myembamba, yuko hai.

Mwl_Baiolojia
Naongezea. Siku ya tatu vuta ute kidogo kwa sindano upande butu, kiinitete kitashuka, halafu kata kidirisha juu kwa mkasi mdogo. Utaona nukta nyekundu inadunda juu ya kiini cha njano. Mara ya kwanza nilisahau hata kuandika. Hatua zake pima kwa jedwali la Hamburger na Hamilton la 1951, zipo 46, dunia nzima bado inalitumia.

MzeeWaMadimbwi
Binti, mnyama wako yuko kwenu. Nothobranchius guentheri, samaki mdogo wa madimbwi ya mvua Unguja, aliyepewa jina na mtaalamu wa wanyama Pfeffer 1893. Dume ana mkia mwekundu. Dimbwi likikauka wazazi wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua. Katikati ya kuumbika, moyo na ubongo vikiwa vimeshaanza, kiinitete kinasimama. Hakifi, kinasubiri.

Ndugu yake wa Zimbabwe na Msumbiji, N. furzeri, ndiye anayevuma sasa. Porini Msumbiji amekutwa amekomaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Maabara ya Anne Brunet pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilionyesha 2020 kuwa aliyesimama hivyo yaini miezi kadhaa akija kuanguliwa hapungukiwi na umri. Mwaka 2024 wakaonyesha kuwa jeni zinazohusika na kusimama huko ni za kale mno, kipya ni namna zinavyowashwa.

Yai la huyu wa kwenu ni angavu, hadubini yako inatosha. Unalihifadhi kwenye makumbi ya nazi yaliyosafishwa, yenye unyevu kidogo, kwenye boksi. Umeme ukatike wiki nzima, hayo hayajali.

BintiUnguja
Mzee, nimesoma mara tatu. Nimepita kwenye hayo madimbwi utotoni nikienda chuoni, tukiambiwa samaki wananyesha na mvua! Asanteni wote. Je, niende kuwakamata wakati wa masika?

MzeeWaMadimbwi
Kibali kwanza, mwanangu, na uongee na wenye mashamba. Maji yakishatulia ndipo uende na wavu wa matundu madogo. Chukua jozi tatu au nne tu, madimbwi yanafukiwa kila mwaka kwa ujenzi. Ukipiga picha ya kiinitete cha kwanza, iweke hapa.