Uliugua korona, ukapona, ikakurudia? Tupeane uzoefu

Kibonge wa Mbagala: Wakuu, jana kuna dogo kazini kakohoa kile kikohozi kikavu nikakumbuka 2021. Mwanzoni mwa mwaka ilinilaza hoi, hata vitunguu vinaungua jikoni sisikii harufu. Agosti nikachanja ile Janssen. Desemba Omicron, ile korona iliyojibadilisha, ikanipitia tena, ila mafua tu. Nyie je?

Mama Pacha: Kama mimi. Ya pili niliugulia sokoni.

Mzee wa Nyungu: Chanjo ya nini? Mchaichai, mwarobaini, blanketi zito. Kwisha.

Fundi Maabara: Mvuke unazibua pua, kinga hauleti. Kirusi kina miiba ya kushikia seli. Kingamwili huiganda ile miiba, kirusi kikakosa pa kuingilia. Mwili huzitengeneza ukiugua au ukichanjwa. Baada ya miezi hupungua, ila seli za kumbukumbu hubaki. Omicron ilikuja na miiba iliyobadilika, ndiyo maana hata waliochanjwa iliwapata, lakini wengi haikuwafikisha kwenye oksijeni.

Mzee wa Nyungu: Umeziona kwa macho?

Fundi Maabara: Nashinda na damu za watu, wewe unashinda na sufuria.

Binti Mchagga: Oksijeni mmenitonesha. Februari 2021, baba kule Moshi. Wakati ule ilikuwa "changamoto ya upumuaji", jina halitajwi. Kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu kinasoma asilimia 74, hospitali ya kwanza mitungi imeisha, tunatoka naye kwenye Noah kaka anampepea na faili. Ya pili tukapata kitanda. Usiku wa manane kafumbua macho, kavua barakoa ya oksijeni: "Nani kafunga banda la kuku?" Tulilia na kucheka. Baadaye akachanja, ikamrudia, akakohoa wiki moja tu.

Mama Pacha: Uwiii! Banda lilifungwa?

Binti Mchagga: Halikufungwa 😂 Kicheche alipita nao.

Mkenya Mtulivu: Poleni. Huku Kenya, KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, walipima damu za wachangia damu katikati ya 2020, zaidi ya asilimia 4 walikuwa na kingamwili tayari. Wengi waliugua bila kujua.

Kibonge wa Mbagala: Basi wa kujidai "sijawahi" mpunguze.

Shangazi Tanga: Mie sijawahi.

Fundi Maabara: Ulipima?

Shangazi Tanga: Nipime nini na siumwi?

Mzee wa Nyungu: Huyo ndiye mtu wangu.