Weldimeshi, wavu wa kuku na BRC ni kitu kimoja? Kicheche kanimalizia vifaranga

Mzee_wa_Banda (Kigamboni)
Wakuu habari za leo. Nina banda la kuku nyuma ya nyumba nimelizungushia ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita, fundi akasema unatosha sana. Juzi naamka asubuhi nakuta vifaranga 11 wamelala chini, wengi wameng'atwa shingoni tu hata hawajaliwa, wavu upande wa chini umefumuka kama sweta la mtumba. Nimeenda hadwea kutafuta kitu kigumu jamaa ananiuliza "weldimeshi geji ngapi, tundu inchi ngapi, au unataka BRC?" nikabaki namwangalia tu nikasema narudi. Hivi hivi vitu vina tofauti gani na mimi ninunue kipi?

FundiZege
Pole sana mkuu. Wavu wa kuku ni waya zimesokotwa tu, ikikatika moja jirani zake zote zinalegea, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke na siyo kumzuia mwenye meno asiingie. Weldimeshi ni waya zilizonyooka zimelazwa kwa mraba na kila zinapokutana zimechomelewa, kwa hiyo hata ukikata moja zingine zinabaki palepale. BRC ni ndugu yake mkubwa, ni ya zege. Ile wanayoita A142 ni nondo za milimita 6 zimepishana sentimita 20, na hiyo 142 ndiyo milimita za mraba za chuma kwenye kila mita ya upana. Ukifungia banda kuku watatoka, watatembea mtaani, watarudi jioni 😂

Halafu nisemeje jamani, kuna mafundi wanatandika BRC juu ya nailoni wanamwaga zege, BRC inalala chini kabisa kama mkeka, jamvi (sakafu ya zege) likipasuka wanasingizia saruji. Iwekeeni biskuti (vile vipande vidogo vya zege vya kuinulia chuma) chini ikae ndani ya zege, na vipande vipandane siyo vigusane tu.

mama_vifaranga
Mimi yalinikuta hayo hayo Morogoro ila wangu alikuwa nguchiro, tena mchana kweupe. Chukua weldimeshi ya tundu nusu inchi. Kipimo changu ni kidole gumba, kikipita hapo na panya anapita, na panya anakula vifaranga usidanganyike. Nusu inchi ni ghali kwa hiyo mimi niliweka futi mbili za chini tu, juu nikapandisha ya inchi moja.

Geji inachanganya watu wengi, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba. Geji 19 ni kama milimita moja, geji 16 ni moja na nusu na kidogo. Kwa nusu inchi geji 19 inatosha, usipigwe.

Na kitu cha muhimu kuliko vyote usiishie kwenye usawa wa ardhi! Kunja wavu ulale chini kuelekea NJE kama futi moja na nusu, funika na udongo au mawe. Mnyama anakuja anaanza kuchimba palepale ukutani anakutana na waya, hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili aanzie huko. Wa kwangu alichimba siku tatu mfululizo nikawa naona makucha tu kwenye udongo, ya nne hakuja.

Mdigo_Asilia
Uko Kigamboni, chumvi ya bahari hiyo. Ulizia iliyochovywa zinki BAADA ya kuchomelewa. Angalia pale waya zinapokutana, kama zinki imejaa kwenye kona kama nta iliyoyeyuka ndiyo hiyo, ila ukiona alama nyeusi nyeusi za moto ujue ilichomelewa baadaye na kutu itaanzia hapohapo. Hapa Tanga niliweka ya bei rahisi kwenye madirisha ya stoo, mwaka wa pili ukiigusa inabaki mkononi.

Mzee_wa_Banda (Kigamboni)
Asanteni sana, leo nimenunua mita 8 za nusu inchi nikaenda na gumba langu dukani mwenye duka akacheka. Nimefunga na misumari ya U na bindingi waya, nimeilaza nje kama alivyosema mama vifaranga. Kimebaki kipande kama meza ndogo nafikiria nifanye cha kuchomea samaki jumapili?

FundiZege
Usithubutu mkuu. Hiyo imepakwa zinki, inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na jiko la mkaa lililokolea linafika huko. Sisi tunaochomelea mabati tunaujua huo moshi wake mweupe, jioni unatetemeka kama una malaria. Kigongomelee kwenye fremu ya mbao upate chekeche la mchanga, wa plasta hapana tundu ni kubwa, ila wa zege safi kabisa.

mama_vifaranga
Au mbolea ya kuku kabla hujaipeleka kwenye mchicha. Na ule wavu wa zamani usitupe, usimamishie miti miwili upande pasheni.

Mzee_wa_Banda (Kigamboni)
Chekeche limepita. Samaki tunachoma kwenye zile nondo za jirani kama kawaida.